Sura ya Sita: Wachwezi Hawakuondoka

Ulimwengu wowote wa kubuni unahitaji watu wa kale. Mtunzi wa mchezo wa kompyuta akishachora milima na mito, huweka magofu. Akishaweka magofu, hana budi kusema ni ya nani. Ndipo wanapozaliwa wale wahenga tunaowafahamu: wajuzi kuliko sisi, wenye nguvu kuliko sisi, waliojenga makubwa kisha wakatoweka bila kuaga. Vijana wa Kampala waliokesha wakicheza The Elder Scrolls wanawajua Dwemer, mafundi wa chini ya ardhi waliofutika wote kwa mkupuo mmoja vitani na kuacha mitambo ikizunguka katika kumbi zisizo na mtu. Waliocheza Zelda iliyotoka mwaka 2023 wanawajua Zonai, walioshuka kutoka mbinguni, wakashirikiana na wenyeji kuasisi ufalme, wakaisha.

Ukimsimulia mzee wa Kinyoro habari za Dwemer hatashangaa. Atakuuliza tu kwa nini umewabadilisha jina Wachwezi.

Wachwezi ndio watu wa kale wa Uganda ya magharibi na ya kati. Walitawala Kitara, dola ambayo masimulizi huipanua kutoka kusini mwa mto Nile mpaka Kagera. Walikuwa na ng'ombe wasiohesabika, walifanya miujiza, walitawala kwa vizazi viwili au vitatu tu, kisha wakatoweka. Tofauti yao na watu wa michezoni ni kwamba mahandaki yanayohesabiwa kuwa yao yapo, na mtu anaweza kutoka Kampala asubuhi akayaona kabla jua halijatua. Kwa hiyo swali ambalo mtunzi wa mchezo hulijibu anavyopenda, sisi tunalazimika kulijibu kwa ushahidi: walikwenda wapi? Jibu la sura hii ni fupi. Hawakwenda popote.

Enzi tatu

Masimulizi ya Bunyoro hugawa wakati katika enzi tatu. Kwanza walitawala Watembuzi, ambao walikaribia kuwa miungu. Wakafuata Wachwezi, nusu miungu nusu watu. Mwisho wakaja Wabito, watu wa damu na nyama, ambao ukoo wao ungali unakalia kiti cha Omukama, yaani mfalme, huko Hoima.

Mtembuzi wa mwisho ni Isaza, mfalme kijana asiyetaka kusikia la wazee. Aliwafukuza barazani akabaki na vijana wenzake. Siku moja wakamvika ngozi mbichi ya punda milia, wakamsifu jinsi ilivyomkaa. Jua lilipowaka ngozi ikakauka, ikambana hata akakaribia kukata roho, na vijana hawakujua la kufanya. Ikabidi wawafuate kwa siri wazee waliofukuzwa, nao wakajibu: mtieni majini. Ngozi ikalainika, mfalme akapona, wazee wakarudishwa.

Sifa za Isaza zikamfikia Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, naye akataka wachanje udugu wa damu. Akatuma buni iliyolowa damu yake. Isaza akaogopa kujifunga na mtu asiyemwona, akamwamuru bawabu wake, Bukuku, aitafune kwa niaba yake. Nyamiyonga alipogundua kwamba ndugu yake wa damu ni mlinda mlango, hakutangaza vita. Alimtuma binti yake Nyamata, mzuri wa kupindukia, Isaza akamwoa. Nyamata akaona kuwa mumewe anawapenda ng'ombe kuliko mke, akarudi kwao na mimba, akamzaa Isimbwa. Sasa Nyamiyonga ameujua udhaifu wa mkwewe: akampelekea fahali na jike wasio na mfano katika nchi. Siku moja wanyama wale wakatoroka. Isaza akawafuata nyayo kwa nyayo mpaka wakazama ardhini, naye akazama nao.

Bukuku akakalia kiti, na machifu wengi wakakataa kutawaliwa na bawabu. Waaguzi walikuwa wamemwonya amwogope mtoto atakayezaliwa na binti yake, Nyinamwiru. Ili binti asitamaniwe, akamng'oa jicho moja, akamkata sikio moja na titi moja, akamfungia ndani ya ua usio na mlango wa nje. Isimbwa, aliyepanda kutoka kuzimu kuja kuwinda, akaupanda ukuta. Mtoto alipozaliwa Bukuku aliamuru atupwe mtoni, lakini kitovu kikanasa kwenye tawi. Mfinyanzi aitwaye Rubumbi akamwokoa akamlea. Huyo ndiye Ndahura, Mchwezi wa kwanza kutawala. Alikua akichunga ng'ombe, akagombana na wachungaji wa mfalme penye maji ya chumvi, na Bukuku alipokuja kuamua ugomvi kijana akamchoma mkuki, akaenda kukalia kiti chake. Inasemekana Nyinamwiru alipoletewa habari alilia na kufurahi kwa wakati mmoja: baba amekufa, mwana ametawala.

Ndahura alipanua nchi kwa vita, hata akafika Ihangiro, katika mkoa wa leo wa Kagera. Huko giza likaifunika nchi mchana, akatekwa. Aliponusurika aliona haya kurudi kwenye kiti, na mwisho utawala ukamwangukia Wamara. Wakati wa Wamara mambo yakaharibika. Mmoja wa wakuu wao, Mugenyi, alikuwa na ng'ombe aitwaye Bihogo, na alikuwa ameapa kujiua siku ng'ombe huyo atakapokufa. Bihogo akafa, wenzake wakamzuia Mugenyi, kisha wakampasua mnyama ili wasome matumbo. Tumbo lilikuwa tupu. Mwaguzi mgeni kutoka kaskazini, Nyakoka, akapasua kichwa na kwato: matumbo yalikuwa humo. Angali akieleza, masizi yakaanguka juu ya matumbo hayo. Tumbo tupu, akasema, ni nchi iliyowatoka mikononi. Matumbo kwatoni ni safari mtakayotembea bila kukoma. Yaliyo kichwani yanasema bado mtawatawala watu. Na masizi ni mtu mweusi atakayetoka kaskazini kuja kuichukua nchi.

Wachwezi wakaondoka. Wengine husema walizama katika ziwa linaloitwa hadi leo Wamala, karibu na Mityana. Wengine huwapeleka katika maziwa ya mashimo ya volkano, au kusini kabisa. Nyuma yao akaja Isingoma Mpuga Rukidi, mwindaji kutoka jamaa za Kiluo za ng'ambo ya Nile, akakuta jumba tupu na wanawake wawili waliobaki. Hao ndio waliomfundisha kunywa maziwa na kushika adabu za kifalme.

Msomaji makini ataona ufundi uliofichwa humu. Isimbwa, mwana wa Isaza, alimzaa Ndahura alipokwenda kuwinda. Huyo huyo Isimbwa alimzaa Kyomya, na Kyomya, naye katika kuwinda, akamzaa Rukidi huko kaskazini. Kila damu ya kifalme inapokaribia kukatika, simulizi huleta mwindaji. Watawala watatu wasiofanana kwa lugha wala kwa chakula wanashonwa kuwa ukoo mmoja, na mgeni anayekula nyama ya porini anageuka kuwa mrithi halali wa wafugaji. Watunzi wa ngano hii walijua siasa.

Waliochimba kwa majembe

Tuondoke jumbani twende shambani. Upande wa kusini wa mto Katonga, katika wilaya ya Sembabule, kuna Bigo bya Mugenyi: mahandaki yenye urefu wa jumla unaozidi kilomita 10, mengine yakishuka mita nne hivi, sehemu nyingine yakiwa yamekatwa katika mwamba wenyewe. Peter Shinnie alichimba hapo mwaka 1957, na Merrick Posnansky akarudia mwaka 1960. Vipimo vya kaboni vilielekeza kati ya karne ya 14 na ya 16. Ndani ya mahandaki hayo hapakupatikana jumba la mawe, wala maandishi, wala kaburi la mtu aitwaye Ndahura. Vilipatikana vigae vya vyungu, mifupa ya ng'ombe, na dalili za makazi ya watu.

Kusini mwake kuna Ntusi, na Ntusi ni ya zamani zaidi. Watu waliishi pale kuanzia karne ya 11 hivi hadi ya 15, katika eneo linalokaribia hekta 100, jambo lisilo la kawaida kwa bara wakati huo. Jalala lao lilirundikana mpaka likawa vilima viwili, ambavyo wenyeji huvitaja kimoja kuwa dume na kingine jike. Andrew Reid, aliyechambua taka hizo, alikuta mifupa ya ng'ombe kwa wingi, mingi ikiwa ya ndama. Pia kulikuwa na mawe ya kusagia nafaka, kazi za pembe za ndovu, na ushanga wa kioo na kauri chache zilizosafiri kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Karibu na hapo kuna Bwogero, mabeseni makubwa yaliyochongwa ardhini, ambayo wengi huyahusisha na kunyweshea mifugo.

Mtu akiyasoma mabaki haya bila ngano masikioni, anaona nini? Anaona wakulima wa mtama waliofuga ng'ombe, na wafugaji waliolima. Anaona mifugo mingi kiasi cha watu kuweza kuchinja ndama, yaani kuwala mapema ili maziwa ya mama yanywewe na binadamu. Anaona biashara ndogo iliyofika mbali. Na anapofika Munsa, karibu na Kakumiro, ambako Peter Robertshaw alichimba, anaona tena mahandaki, makaburi, na tanuri la kuyeyushia chuma. Kazi ya namna hii inahitaji watu wengi wenye majembe ya chuma na mtu wa kuwaambia wachimbe wapi. Miujiza haihitaji kuingizwa.

Kwa nini walichimba? Mahandaki ya Bigo ni marefu mno kulindwa na jeshi la mikuki, kwa hiyo ngome peke yake haielezi. Huenda yalizuia tembo wasiingie mashambani. Huenda yaligawa malisho na mashamba, au yalionyesha tu kwamba mkubwa wa hapa anaweza kuwakusanya watu mia kadhaa na kuwalisha. Sababu hizi hazikatazani.

Jambo la uzito zaidi lipo kwenye vyungu. Wafinyanzi wa Ntusi na Bigo walipamba kazi yao kwa kubingirisha kamba au ukindu uliosokotwa juu ya udongo mbichi. Mapambo ya aina hiyo yaliendelea baada ya Ntusi kuachwa, yakaendelea chini ya Wabito, na wafinyanzi wa magharibi ya Uganda wameyatumia hadi nyakati zetu. Kama Wachwezi waliondoka, waliacha nyuma kila mtu aliyejua kufinyanga. Kilichobadilika katika karne ya 15 na ya 16 ni mpangilio: miji ya mahandaki iliachwa, watu wakatawanyika, wengine wakashikamana na ng'ombe katika nyika kavu na wengine na ndizi na nafaka penye mvua. Watafiti waliosoma matope ya chini ya maziwa ya volkano wameongeza kwamba hali ya hewa nayo ilikuwa ikibadilika. Dola ilivunjika. Watu walibaki.

Waliochimba kwa kalamu

Basi hadithi ya kutoweka ilipataje nguvu kiasi hiki? Hapa lazima tuangalie nani aliandika, lini, na akiwa na shida gani.

Mwaka 1862 John Hanning Speke alikaa miezi kadhaa katika makao ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, katika vilima ambavyo leo ni Kampala. Alistaajabia serikali aliyoikuta, na hakutaka kuamini kwamba Waafrika wa hapa waliijenga wenyewe. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alidai kwamba watawala wa eneo hili wametokana na wafugaji waliotoka pande za Ethiopia. Hakuwa na ushahidi isipokuwa macho yake na mawazo ya Ulaya ya siku zake kuhusu uzao wa Hamu. Wazungu waliomfuata walipozisikia habari za Wachwezi, waliona mlango umefunguliwa: hawa watu weupe wa ngano, waliokuja na kutoweka, wasingekuwa wengine ila wageni kutoka kaskazini, Wamisri au hata Wareno. Mtunzi wa mchezo wa kompyuta akifanya hivyo tunamwita mbunifu. Wao waliita elimu, na ikafundishwa mashuleni.

Wenyeji nao walikuwa na kalamu zao. Apolo Kagwa, Katikiro yaani waziri mkuu wa Buganda, alichapisha kitabu chake cha wafalme wa Buganda mwaka 1901. Mwaka 1911 mmisionari Ruth Fisher akatoa kwa Kiingereza masimulizi aliyoandikiwa na wafalme wa Toro na Bunyoro. Kati ya mwaka 1935 na 1937, jarida la Uganda Journal lilitoa orodha ya wafalme wa Bunyoro-Kitara iliyotiwa saini ya herufi mbili tu, K. W. Mwandishi alikuwa Omukama Tito Winyi wa Nne, mwana wa Kabalega. Mwaka 1947 John Nyakatura akatoa kitabu kikubwa zaidi kuhusu Abakama wa Bunyoro-Kitara, na masimulizi mengi tunayoyajua leo yamepita mkononi mwake.

Soma tarehe hizo pamoja na historia ya nchi. Kabalega alipigana na Waingereza na washirika wao wa Buganda, akakamatwa mwaka 1899, akapelekwa uhamishoni Ushelisheli. Sehemu kubwa ya ardhi ya Bunyoro ilikatwa ikapewa Buganda, pamoja na kilima cha Mubende, mahali patakatifu pa Ndahura. Mtu aliyenyang'anywa ardhi hivyo ana haja ya kuonyesha kwamba ukoo wake ni mrefu kuliko wa jirani. Ndipo Bunyoro ikashikilia kwamba Kimera, kabaka wa kale wa Buganda, ni pacha wa Rukidi aliyepewa jimbo akaligeuza ufalme. Waganda hawajalikubali jambo hilo mpaka leo. Mwanahistoria David Henige alizichunguza orodha za K. W. katika miaka ya 1970, akaona dalili kwamba zilirefushwa zikishindana na zile za Kampala. Mabishano hayo hayakuwa ya vitabu tu. Tarehe 4 Novemba 1964 wananchi wa Buyaga na Bugangaizi, sehemu mbili za ardhi ile iliyokatwa, walipiga kura ya maoni, wakachagua kurudi Bunyoro. Mubende ikabaki Buganda.

Simlaumu Winyi wala Nyakatura. Walitetea watu wao kwa silaha iliyokuwepo. Lakini dhana ya Speke ilikuwa na sumu nyingine, na sumu hiyo iliwafikia majirani zetu. Ukishasema kwamba wafugaji wa Maziwa Makuu ni wageni kutoka Ethiopia, umempa mchochezi sababu ya kuwafukuza. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya nchini Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia umati kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 mito ya Rwanda ilibeba maiti hadi ziwa Victoria, na wavuvi wa pwani za Uganda wakaziopoa. Ngano ya watu wa kale ikishatoka kitabuni haichezewi tena.

Matumbo yaliyo kichwani

Turudi kwa Nyakoka. Utabiri wake wa kichwani ndio uliotimia bila shaka yoyote, kwa sababu Wachwezi walibaki wakiwapanda watu vichwani.

Katika nchi zote za Maziwa Makuu kuna ibada ya kubandwa. Mtu anafundwa, anaingizwa chamani, na pepo wa Kichwezi humshukia na kusema kwa kinywa chake. Ndahura anakuja na ndui. Wamara ana mvua na mifugo yake. Mugasha wa ziwani ndiye Mukasa wa Waganda, anayeheshimiwa katika visiwa vya Ssese. Rwanda wana Ryangombe, Burundi wana Kiranga. Karagwe na Buha wanazijua mila hizi, na Unyamwezini kuna chama cha Waswezi. Msomaji wa Tabora au Bukoba aliyedhani kwamba sura hii inahusu Uganda tu, ajue kwamba babu yake huenda alipigiwa ngoma hizo hizo.

Mwaka 1958 Christopher Wrigley alitoa hoja iliyowaudhi wengi: Wachwezi hawakuwahi kuwa wafalme hata kidogo. Walikuwa miungu tangu mwanzo, na waandishi wa karne ya 20, wengi wao Wakristo, waliwageuza kuwa wafalme ili waweze kuwataja bila dhambi. Ninakubaliana naye kwa nusu. Majina huenda ni ya miungu, lakini mahandaki hayakuchimbwa na miungu. Panapokuwa na dola iliyokufa na miungu iliyo hai katika nchi moja, kizazi cha tatu kitawaunganisha.

Ibada hiyo haikuwa ya kale tu. John Beattie, aliyefanya utafiti Bunyoro katika miaka ya 1950, aliwakuta waganga wakishukiwa na pepo wa aina mpya kando ya wale wa Kichwezi: pepo wa uzungu, pepo wa ndege, pepo wa kifaru cha vita, hata pepo wa Kipolandi, kwa sababu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wakimbizi wa Poland waliwekwa kambini karibu na Masindi. Watu walipokutana na nguvu ngeni, waliiingiza katika utaratibu ule ule.

Ibada hizi pia ziliwapa wanawake cheo ambacho mabaraza ya wafalme hayakuwapa. Huko Mubende aliyesema kwa niaba ya Ndahura alikuwa mwanamke mwenye cheo cha Nakayima, na wafalme walimpelekea zawadi. Kigezi ilikuwa na Nyabingi, pepo ambaye si Mchwezi lakini njia yake ni ile ile, na mtumishi wake Muhumusa aliwatikisa wakoloni kiasi kwamba walimkamata mwaka 1911 na kumweka Kampala hadi alipofariki mwaka 1945. Serikali haimfungi mtu miaka 34 kwa ajili ya hadithi za watoto.

Nenda Mubende leo, kiasi cha kilomita 150 kwa barabara ya Mityana. Kilimani kuna mti mkubwa mno wa Nakayima, wenye mizizi iliyosimama kama kuta na kutengeneza vyumba vidogo. Katika vyumba hivyo moto unafuka, na watu huweka buni, sarafu na maziwa. Wengi wao wametoka Kampala: wafanyabiashara, wanafunzi wanaongoja matokeo, wanawake wanaotafuta mtoto. Jumapili baadhi yao watakuwa kanisani, na Ijumaa wengine msikitini.

Kampala na watu wake wa kale

Mkazi wa Kampala hana haja ya kusafiri sana ili akutane na suala hili. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakifanya kazi katika kilima cha Luzira walifukua vipande vya sanamu za udongo, kikiwemo kichwa cha mtu chenye macho na midomo iliyofinyangwa kwa ufundi wa hali ya juu. Kichwa hicho kiko British Museum jijini London. Watafiti wa karibuni wanakitazama kama kazi ya watu wa ukingo wa ziwa kabla ya ufalme wa Buganda tunaoujua kuchukua sura yake. Hakuna ngano inayokitaja, wala hakuna Mchwezi anayekidai. Kimebaki bila hadithi, na kwa hiyo bila mashabiki.

Jumba la Makumbusho la Uganda lilianzishwa mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, Old Kampala. Watu waliliita nyumba ya mayembe, yaani ya hirizi, kwa sababu vitu vya waganga vilikusanywa humo. Tangu mwaka 1954 liko Kitante, barabara ya Kira. Mabaki ya Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda, yaliyokuwa yamechukuliwa hadi Cambridge, yalirudishwa mwaka 1962, na mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilituma vitu vingine 39 kwa mkopo. Mtoto wa shule anaweza kuviona hapo vigae vya magharibi ya Uganda na kuyapima mwenyewe niliyoyasema kuhusu kamba iliyobingirishwa.

Hukumu yangu ni hii. Wachwezi kama wafalme weupe waliokuja na kupotea hawajathibitishwa na jembe lolote. Wachwezi kama watu, yaani wafinyanzi, wafua chuma, wafugaji na wakulima wa Ntusi, Bigo, Munsa na Mubende, hawana shaka, na wajukuu wao wanaitwa Wanyoro, Wanyankole, Watoro, Waganda, Wahaya. Kila anayewapa wageni kazi ya watu hao anawanyang'anya wajukuu urithi, na wahenga walishasema: mkataa kwao mtumwa.

Kwa kijana wa Kampala anayejifunza kutengeneza michezo na anatafuta watu wa kale wa kuwajaza ulimwengu wake: wachukue Wachwezi, ni wako. Mpe Isaza ngozi ya punda milia, mpe Nyamiyonga kuzimu yake, mwache Bihogo afe. Lakini shujaa wako akishuka handakini, mkutanishe na watu wanaochimba, na uwape lugha ya watu wa hapa. Na kwa wenye mamlaka: Bigo na Ntusi zimo katika orodha ya awali ya UNESCO tangu mwaka 1997, na ng'ombe na majembe ya siku hizi yanaendelea kuzila kingo zake. Ziwekewe mipaka na walinzi sasa, wakati bado kuna handaki la kumwonyesha mtoto.